Likizo ya baba: uichukue mtoto akizaliwa, au uiweke mpaka mama arudi kazini?

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilichukua kila siku niliyokuwa nayo: siku tatu za sheria, kisha nikaunganisha na likizo yote ya mwaka. Mwezi mzima nilikuwa nyumbani. Alipokuja wa pili nilifanya kinyume. Nilirudi kazini siku iliyofuata, likizo nikaiweka mpaka mama yao alipomaliza ya kwake. Njia zote mbili nimezionja, na nikiulizwa ipi bora huwa nauliza kwanza: mama kajifungua vipi, na nyumbani kuna nani?

Tuanze na akiba yenyewe, maana wengi wetu tunapanga siku ambazo hatunazo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye mshahara, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapewa siku tatu, na ni lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku ya nane zimeshaota mbawa. Tena kuna kipengele ambacho watu hukigundua wakiwa wameshasimama mbele ya meza ya afisa utumishi: hizo tatu ni za mzunguko mzima wa likizo, miezi 36, hata kama ndani yake utapata watoto wawili. Wangu wamepishana miaka miwili. Wa pili alizaliwa nikiwa sina hata siku moja ya ubaba kisheria, na ndiyo sababu halisi iliyonifanya nikae chini na kalenda. Usidhani nilikuwa na busara yoyote.

Kinachobaki ni likizo ya mwaka, siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwa humo humo. Hapo ndipo penye uchaguzi, kwa sababu zile tatu hazina uchaguzi.

Jirani zetu wa Kenya wana nafasi kubwa zaidi. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili, mama miezi mitatu, na likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Uganda baba ana siku nne za kazi. Ndugu zetu walioajiriwa Oman wana siku saba chini ya sheria ya kazi ya 2023. Kwenye sekta binafsi ya Falme za Kiarabu ni siku tano za kazi, lakini zina utamu wake: mzazi anaweza kuzichukua wakati wowote ndani ya miezi sita ya mtoto. Yaani sheria ya kule imekubali kwamba mtoto hazaliwi wiki moja tu. Ya kwetu inadhani baada ya siku saba baba hana tena la kufanya nyumbani.

Yote mwanzoni

Mwezi wa kwanza, kazi kubwa ya baba ni mama. Mtoto ananyonya, analala, anachafua nepi, anaanza tena. Aliyeshonwa ni mama, na asiyelala ni mama.

Wetu wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Siku zangu tatu za sheria ziliisha mama akiwa bado wodini. Nilizimalizia kwenye benchi la nje, chupa ya uji mkononi, nikisubiri saa ya kuona wagonjwa. Tulipofika nyumbani ndipo likizo ya mwaka ilipofanya kazi yake. Mama wa upasuaji hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ndoo ya maji, beseni la nguo na sufuria ya supu vyote vinahitaji mikono mingine. Usiku mtoto akilia, lazima awepo wa kumtoa kitandani na kumfikisha kifuani kwa mama, kisha kumrudisha. Kuna wageni wa kupokea. Zaidi ya yote kuna wageni wa kuaga, kazi ambayo mzazi aliyejifungua juzi hawezi kuifanya bila kuonekana ana dharau, lakini mwanamume akisimama mlangoni na kusema "mama anapumzika" inaeleweka.

Kuna na jambo lisilo la mchezo. Siku hizi za mwanzo zinataka mtu mzima aliye macho: damu ikizidi, homa ikipanda, kichwa kikimuuma sana mama na kuanza kuona maluweluwe, au mtoto akikataa kunyonya na macho yake yakawa ya njano, hakuna kusubiri kesho. Mama aliyechoka anaweza asijione. Ukiwa kazini kutwa, utaambiwa saa kumi na mbili jioni jambo lililoanza saa tatu asubuhi.

Na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kumwingiza mtoto kwenye bima. Foleni hizo ni za baba.

Sasa udhaifu wake. Kwetu mama mkwe alikuja, akashuka stendi na ndizi za mtori na mafuta ya kumkandia mwanawe. Tangu siku hiyo nilikuwa msaidizi wa msaidizi. Nikimshika mtoto, "Lete hapa, utamvunja shingo." Nikitaka kumwogesha, beseni limeshachukuliwa. Nilitumwa sokoni, nikatumwa dukani, nikatumwa tena sokoni. Simlaumu: alikuja kufanya kazi aliyoifanya maisha yake yote na anaijua. Lakini likizo yangu ilipoisha nilikuwa sijawahi kuachwa na mwanangu peke yetu hata saa moja.

Bili ya jambo hilo ililetwa siku ya 85. Bibi alikuwa amesharudi kwake, mama akarudi kazini, dada wa kazi alikuwa na siku nne tu ndani ya nyumba. Mtoto alikataa kikombe kutwa nzima. Mama alikuwa anakamua maziwa kwenye choo cha ofisi huku anaongea na dada kwa simu. Mimi nilikuwa kazini nikiwa na sifuri ya siku za likizo, na hata ningekuwa nyumbani nisingejua la kufanya.

Kupokezana

Njia ya pili ni ya kupokezana kijiti. Mama anamaliza likizo yake, baba anaanza ya kwake.

Hesabu yake ni hii. Siku 84 ni wiki 12, ikiwa mama ataanza likizo siku ya kujifungua. Sheria inamruhusu kuanza hata wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio, na akifanya hivyo atarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane tu. Wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pengo hilo halizibwi na likizo ya mtu mmoja. Lakini mama akiunganisha siku zake 28 za mwaka juu ya zile 84, halafu baba akafuatia na 28 zake, mnafika siku 140. Hizo ni wiki 20 mtoto akiwa mikononi mwa mzazi. Kwa Kenya, miezi mitatu ya mama na likizo yake ya mwaka, kisha wiki mbili za baba na siku zake 21, inakaribia miezi mitano na nusu, ilimradi mwajiri akubali wiki hizo mbili zisogezwe mbele. Sheria yenyewe imetaja wiki mbili bila kutaja lini, ila kanuni za ofisi nyingi zinataja.

Sisi hatukufika 140, kwa sababu mama watoto alikuwa ameshatumia likizo yake ya mwaka. Nilianza siku ya 85 na kumaliza ya 112. Katikati yake ikaangukia chanjo ya wiki ya 14. Angalia kalenda ya kliniki ya miezi ya mwanzo: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mama anayeanza likizo siku ya kujifungua huwa nyumbani kwa zote isipokuwa hiyo ya mwisho, na ndiyo inayoibiwa muda kazini au kuachiwa dada. Nilikwenda mwenyewe, mtoto kifuani, kadi mfukoni. Nesi aliangalia nyuma yangu kana kwamba mtu mwingine anakuja. "Mama yuko wapi?" Kazini. Akaandika uzito, akanyamaza kidogo, kisha akanielekeza namna ya kumshika paja asirushe mguu. Hakuna aliyewahi kunielekeza hivyo kwa yule wa kwanza, kwa sababu siku zote nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika pochi.

Kazi ya njia hii inataka maandalizi ya wiki mbili tatu kabla. Mtoto azoee kikombe na kijiko, tena apewe na mtu asiye mama, kwa sababu akiisikia harufu ya mama hataki mbadala. Mama aanze kukamua na kuweka. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwenye friji mpaka siku nne, lakini juu ya meza kwa joto la Dar es Salaam usiyaamini saa nyingi. Na sheria ile ile ya 2004 ina zawadi ambayo akina mama wengi hawaidai: anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwenda kumnyonyesha mtoto. Baba akiwa likizo, saa hizo mbili zinapata maana. Mara mbili kwa wiki nilimbeba mtoto mchana nikampeleka karibu na ofisi ya mama yake, akanyonya, tukageuza. Siku nyingine alizikusanya na kutoka saa tisa, kwa makubaliano na mkuu wake.

Faida kubwa ilikuja bila kupangwa. Mama hayupo. Hakuna wa kukwambia "lete hapa". Siku mbili za kwanza nilipiga simu kila nusu saa, ya tatu mara mbili, ya nne nilisahau kupiga. Nikajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, nikajua analala upande gani na kwamba akinywa haraka lazima umgonge mgongo taratibu mpaka abeue, la sivyo shati lako limekwisha. Dada wa kazi alianza nikiwa nipo, akajifunza huku namwona, si kwa maelekezo ya simu. Na likizo ilipoisha, mgawanyo haukuisha nayo. Kliniki ni yangu mpaka leo. Usiku tunapokezana. Mama yao ameacha kuandika maelekezo na kuyabandika kwenye friji, na kwangu hicho ndicho kipimo.

Mtaani ni habari nyingine. Mwanamume kuonekana saa nne asubuhi na mbeleko, Jumanne, ni tangazo. Jirani mmoja alinipa pole akidhani nimeachishwa kazi. Baba mdogo akanipigia kuuliza kama sijalishwa limbwata. Wiki ya kwanza inauma, ya tatu wanakuomba ushauri.

Lakini njia hii ina gharama, na anayeilipa ni mama, mwanzoni. Mwezi wa kwanza anabaki na yeyote aliyepo. Kwetu alijifungua kawaida, na mama mkwe alikuwepo mpaka arobaini, ndiyo maana ikawezekana. Bila bibi, bila dada wa uhakika, kumwacha mama na kidonda na mtoto wa wiki moja eti unatunza likizo ya mwezi wa nne ni ukatili uliovaa nguo za mipango. Vivyo hivyo kwa mtoto njiti: baba anahitajika wodini, kifua wazi, akipokezana na mama kumpa mtoto joto la ngozi kwa ngozi, kazi ambayo kifua cha mwanamume kinaifanya vizuri kabisa. Kumbuka pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2025, mama wa njiti huongezewa muda uliokuwa umebaki kutimiza wiki 40 za ujauzito, kwa hiyo tarehe ya yeye kurudi kazini inasogea na hesabu yako inasogea nayo.

Hatari nyingine ni ya kiofisi. Siku tatu mwajiri hawezi kukunyima. Likizo ya mwaka ni haki yako pia, ila wakati wa kuichukua mwajiri ndiye anayeupanga, mradi usipite miezi sita baada ya mwaka wa likizo kuisha. Unaweza kukaa miezi mitatu ukiisubiri kisha ukaambiwa kuna ukaguzi wa hesabu. Mimi niliandika barua mimba ikiwa na miezi saba, nikataja tarehe kamili, nikapata jibu la maandishi.

Kuigawa katikati

Wapo wanaoshauri wiki mbili mwanzoni, wiki mbili mama akirudi. Inasikika kama haki. Sheria inazungumzia siku 28 mfululizo, hivyo kuigawa ni makubaliano, ingawa waajiri wengi hawana neno. Shida niliyoiona kwa wenzangu ni kwamba wiki mbili za mwisho huwa chambo: ikitokea dharura yoyote kazini, ndizo zinazoliwa. Na wiki mbili zinatosha kumzoea mtoto lakini hazitoshi kumzoeza dada. Ningeichagua pale tu mama alipofanyiwa upasuaji na bibi anaweza kuja baada ya wiki mbili.

Walichojaribu Sweden

Kuna jambo moja nchi hii ya mbali inaweza kumfundisha mtu wa Kimara au Kisauni. Mwaka 1974 Sweden iliondoa likizo ya mama na kuweka likizo ya wazazi, wagawane watakavyo. Mwaka 1978 serikali ikabandika matangazo ya mbeba vyuma Lennart Dahlgren, pande la mtu, amempakata mtoto mchanga, ili wanaume waone haya iko wapi. Wanaume waliangalia picha, wakaenda kazini. Siku zilizokuwa za "wazazi" zilichukuliwa na mama. Mambo yalianza kugeuka 1995 walipotenga mwezi mmoja ambao baba asipoutumia unapotea, hawezi kumpa mkewe. Mwezi wa pili ukaongezwa 2002, wa tatu 2016. Leo wana siku 480 kwa mtoto, na 90 kati yake ni za kila mzazi bila kuhamishika. Uingereza ilifungua likizo ya kugawana mwaka 2015 kwa njia inayofanana na ile ya mwanzo ya Sweden, baba apate kwa mama kupunguza za kwake, na akina baba wanaoitumia ni wachache mno.

Ndani ya nyumba inafanya kazi vivyo hivyo. Kauli ya "tutasaidiana" haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kitamwangukia mama. Kwa hiyo chagua njia yoyote kati ya hizi, lakini ziwepo tarehe ambazo ni zako peke yako, siku ambazo usipokuwepo wewe hakuna mtu.

Asiye na likizo

Dereva bodaboda, fundi, muuza mitumba: haya yote ya sheria yanampita, na ndio wengi. Kwake uchaguzi ni saa gani ziuzwe na zipi zibaki nyumbani. Namfahamu bodaboda ambaye mkewe ana kibanda cha chapati na maharage. Mama anahitaji alfajiri, maana wateja wake wanakula kabla ya saa mbili. Yeye akaiacha alfajiri, ingawa abiria wa kwenda kazini ni wengi, akawa anatoka saa tatu. Anapoteza abiria wa asubuhi, kibanda kinabaki wazi. Walipoweka mapato ya wote wawili kwenye daftari moja, ndipo ikaonekana kwamba saa zile zilikuwa na thamani kubwa zaidi mikononi mwa mke.

Basi, kama ni mimi naulizwa leo na mtu aliyeajiriwa: upasuaji, njiti, mapacha, au hakuna bibi wala ndugu wa kuja, chukua zote mwanzoni na usijiulize mara mbili. Kajifungua salama na kuna mkono wa kumsaidia mpaka arobaini, weka 28 zako, anza siku mama anarudi kazini, na siku tatu za sheria zitumie kwa hospitali na karatasi. Kama mama ana likizo ya mwaka hajaitumia, aitangulize hiyo ndipo ufuate wewe.

Barua iwe fupi: tarehe ya makadirio ya kujifungua, tarehe unayoomba kuanza, tarehe ya kurudi, jina la atakayeshika kazi zako, na sentensi moja kwamba tarehe zinaweza kusogea mtoto akiwahi au akichelewa. Nakala ibaki kwako. Wetu alichelewa siku tisa.